Nimepewa hadi Jumamosi: ninunue maembe juu ya mti huko Marafa, au niache?

Mama Achari, Barani

Assalamu alaykum wanabaraza. Mniwie radhi, maneno ni marefu kidogo.

Nauza achari ya embe hapa Malindi, mwaka wa sita huu. Nilianza na sufuria moja uani kwa mamangu, sasa napeleka chupa kwenye maduka manne na hoteli moja ya upande wa Casuarina. Chupa ndogo ni 150. Tabu yangu kila msimu ni hiyo hiyo: embe bichi nanunua kwa wachuuzi sokoni, na bei hupangiwa na mtu ambaye hata mwembe hana.

Wiki iliyopita tulikuwa na matanga Marafa, upande wa mume wangu. Mzee mmoja jirani akaniita nikaone miembe yake. Miti 38. Ngowe ndiyo mingi, dodo kidogo, na boribo miwili. Maua yamejaa hadi unaogopa kupita chini yake, na mengine yashafunga vitunda kama punje za njugu. Akaniambia: elfu sitini, msimu wote wako, kuangua juu yako. Kuna dalali wa Mombasa anakuja Jumamosi na pesa mkononi, lakini mimi nimepewa nafasi ya kwanza kwa ajili ya ujirani.

Nina 45,000. Thelathini ni zamu yangu ya mchezo wetu wa kuchangishana pesa, kumi na tano ni pesa ya chupa na siki. Zilizobaki kaka yangu atanikopesha. Mume wangu asema haraka haraka haina baraka. Mamangu asema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nyumba moja, methali mbili, na mimi katikati na simu. Nifanyeje?

Kijana wa Muyeye

Dada, unauliza nini tena? Miti 38, kila mti tuseme maembe 300, kila embe shilingi 10. Hiyo ni 114,000. Chukua kesho, usingoje Jumamosi.

Mzee wa Kanta

Hesabu hiyo ya kijana nami nimeipiga sana, nikiwa nimekaa barazani. Ukisimama chini ya mwembe inakuwa hesabu nyingine.

Mwanangu, mimi napeleka maembe soko la Kongowea, Mombasa, tangu 1998. Maua si maembe. Katika maua mia moja huenda lisibaki hata tunda moja, na hapo mti uko salama. Mvua ikinyesha juu ya maua unakuja ule ugonjwa wa kuyafanya meusi, na mwembe uliokuwa kama bibi harusi unaukuta kama umebabuliwa na moto. Halafu mwembe una mwaka wa kubeba na mwaka wa kupumzika. Je, mwaka jana miti hiyo ilitoa nini? Tena usimuulize mzee. Muulize mjukuu wake anayechunga mbuzi hapo.

Kuna na njia. Vuli ya 2023, ile ya El Niño, nilikuwa na maembe yangu ya elfu thelathini ndani huko Magarini, yameiva vizuri, na kanta, lori langu dogo, haikuweza kuingia. Nilikuwa nikiyasikia kwa simu yakioza. Na embe likiiva, nzi wa matunda naye amefika. Huyu wa sasa aligunduliwa hapa kwetu Kenya 2003, na ndiye aliyefanya nchi isimamishe yenyewe kupeleka maembe Ulaya kuanzia 2014 hadi 2021. Basi dalali akimwambia mzee kwamba mzigo unakwenda ng'ambo, mzee amuulize mitego ya nzi iko wapi.

Huyo dalali wa Jumamosi huenda yupo kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa dalali wa Jumamosi. Lakini hakuna dalali mwenye akili anayetoa elfu sitini juu ya maua. Anatoa arubuni kidogo, anakwenda zake, anarudi embe likishaonekana, na hapo ndipo anapoanza kulia bei.

Ila sikwambii uache, maana na kuchelewa nakujua. Mwaka 2016 niliitwa shamba moja la Gongoni, embe zimekomaa, mwenyewe ana shida ya karo, bei nzuri. Nikasema ngoja nizunguke kwanza nilinganishe. Nikazunguka wiki nzima, Mambrui, Marikebuni, mpaka daftari likajaa. Niliporudi nikakuta kanta ya mwenzangu inapakia, na akaniomba kamba ya kufungia turubai. Nikampa.

Sasa nikuulize wewe. Achari unaipika kwa embe gani? Bichi. Dalali anataka lipi? Lililokomaa. Kwa nini unanunua msimu wa mtu mwingine? Na ile kumi na tano ya chupa usiiguse. Ukiwa na maembe gunia kumi na huna chupa, utakula achari mwenyewe. Mpe mzee arubuni ya elfu tatu akuwekee mabichi, basi.

Ustadhi wa Shela (Shela yetu ya Malindi, si ya Lamu)

Waalaykumu salaam dada yangu. Nimeona hakuna aliyeligusa hili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuza matunda mpaka dalili ya kupevuka ionekane, na katazo lilimgusa muuzaji na mnunuzi wote wawili. Kwa hiyo elfu sitini juu ya maua, hata yangekuwa maua ya dhahabu, hapana.

Lakini kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi kuna mlango. Tunda lisilopevuka, kama lenyewe lina manufaa hivyo lilivyo, linauzwa kwa sharti likatwe papo hapo. Embe bichi la achari lina manufaa, hilo halina ubishi, mimi mwenyewe ni mteja. Kinachoharibu ni kulinunua leo kisha ukaliacha mtini likue.

Na Mzee wa Kanta anisamehe: arubuni isiyorudi nayo hatuikubali. Muahidiane tu, na bei iwe siku ya kuangua. Kwa undani zaidi muone shekhe wa mtaani kwako.

Mzee wa Kanta

Nimesamehe. Ila ahadi bila pesa hailali Marafa hadi Oktoba, ustadhi. Biashara ya maembe naijua.

Mama Achari, Barani

Nimerudi na habari.

Alhamisi nilikwenda na dada yangu, tumepanda boda kutoka Marikebuni, mgongo mpaka sasa wauma. Mjukuu nilimpata, na kweli anachunga mbuzi. Kasema mwaka jana iliyobeba ni miti ya upande wa kisima. Mwaka huu maua yako upande wa pili. Nami siku ya matanga nilitembezwa huo upande wa pili tu! Tukahesabu mti kwa mti: yenye maua ya maana ni 21. Mzee wala hakukasirika. Alicheka, akasema yeye hajanidanganya, miti ni 38 kweli.

Nikamwambia sinunui maua. Nitakuja embe likiwa kokwa limeanza kukaza na nyama ingali nyeupe, nitaangua siku hiyo hiyo, nitalipa kwa ndoo hapo hapo chini ya mti. Ndoo ya lita ishirini tumesema 250, na tukiona bei imebadilika tutazungumza. Sokoni msimu uliopita nilikuwa nalipa mara mbili ya hiyo. Arubuni sikutoa. Nilimwachia chupa mbili za achari, ya pilipili na ya sukari. Mkewe akaionja kwa kidole akamwambia mumewe: matawi ya chini ni ya mama huyu, ya juu muuzie umtakaye.

Pesa ya mchezo nimenunua chumvi na madumu ya plastiki ya kulowekea, nyingine ipo. Kaka sikumkopa.

Jumamosi dalali hakuja. Kaja Jumapili, ametoa arubuni elfu nane, kaahidi kurudi Novemba.

Kijana wa Muyeye

Elfu nane tu??

Mzee wa Kanta

Kanta yake ilikuwa ya rangi gani?

Mama Achari, Barani

Mjukuu asema bluu, taa moja ya mbele imevunjika.

Mzee wa Kanta

Ndiye yule wa kamba ya Gongoni. Huyo haji Novemba, huja Oktoba mwishoni, tena alfajiri. Mwachie mjukuu namba yako ya simu.