Naomba ushauri: hita ya sauna yakata stima kila dakika 10

Mkaazi_Nyali: Asalam aleikum wadau. Nina sauna ndogo nyumbani, yaani chumba cha kutoa jasho chenye hita ya mawe yanayomwagiwa maji, mita 7 za ujazo, hita ya kilowati 6. Tangu wiki jana breka ya kuzuia mtu kupigwa na stima inakata baada ya dakika 10 hivi. Tena benchi zimeota koga, zimekuwa nyeusi. Fundi aja kesho na sipati usingizi. Nataka kujua tu: ni vanishi gani isiyobabuka kwa joto la nyuzi 80?

Seremala_Majengo: Hakuna. Ndani ya sauna vanishi hutoa moshi mbaya, hufungia unyevu ndani ya ubao na huchoma ngozi. Osha benchi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, acha zikauke kabisa, kisha piga msasa namba 120 ukifuata mkondo wa mbao. Halafu pakaza parafini safi ile ya duka la dawa, kidogo sana, ufute iliyozidi. Nasema parafini ya dawa, SI mafuta ya taa! Hapa kwetu majina hayo huchanganywa, na mafuta ya taa kwenye chumba cha moto ni balaa.

Mama_Tudor: Mwanangu, mwenye presha au mimba asiingie bila kumuuliza daktari, na dakika 10 hadi 15 zatosha. Na mji huu watu wanunua maji kwa mitungi ya lita 20, wewe wayamwagia mawe.

Fundi_Ganjoni: Waacha swali kubwa, waulizia rangi. Wamwagia maji gani? Na mawe ni yale yaliyokuja na hita?

Mkaazi_Nyali: Maji ya kisima. Mfereji hautoki kila siku, mama, nifanyeje? Mawe ya zamani yalipasuka, nikaongeza ya ufuoni. Jiwe ni jiwe. Fundi asema aiondoe hiyo breka aunganishe moja kwa moja, na nshamlipa nusu.

Fundi_Ganjoni: Mzuie fundi huyo! Breka yakata kwa sababu stima yavuja kwenda kwenye bati la hita. Ukiiondoa, kitakachoipokea ni mwili wako uliolowa jasho. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Chumvi hula koili, ile nondo ya hita itoayo moto, ganda lake likatoboka, unyevu ukaingia ndani. Na hayo mawe ya ufuoni ni matumbawe, ndiyo yale yale yachomwayo tanuuni kupata chokaa. Yana matundu, hunyonya maji, yakipata moto hupasuka, na vumbi lake hujaza nafasi za hewa. Hita yataka mawe ya volkano ya sauna, ya sentimita 5 hadi 10, makubwa chini, yakae kwa kulegea. Ukiyashindilia hewa haipiti, koili zinaungua. Yatoe yote kila mwaka, utupe yaliyovunjika.

Bin_Kisauni: Hii ni chai. Joto la Mombasa lenyewe latosha, nani ajenge sauna Nyali? Kilowati 6 kwa volti 240 ni ampea 25, soketi ya ukutani ni 13. Hiyo hita waiwashia wapi? Umetunga.

Mkaazi_Nyali: Wallahi sikutunga. Niliikuta humo nilipoinunua nyumba. Waya umetoka kwenye swichi ya jiko, ni wa milimita 2.5. Haujawahi kuungua.

Bin_Kisauni: Basi niwie radhi. Ila waya huo ni mbaya kuliko matumbawe.

Fundi_Ganjoni: Kweli kabisa. Hita yataka njia yake: waya wa milimita 6 kutoka kwenye boksi la stima na breka yake ya ampea 32. Kesho azime swichi kuu, atoe mawe, atenganishe koili, kila moja aipime kwa mega, kile kipimo cha kuvuja kwa stima, cha volti 500, kati ya ncha na bati. Iliyo na unyevu tu husoma chini ya megaohimu 1, kisha hupanda ikikaushwa. Isomayo sufuri hata baada ya kukauka imekufa. Nawe kila ukitoka, acha hita iwake dakika 20 mlango ukiwa wazi na matundu ya hewa yote mawili yamefunguliwa. Koga haitaota.

Mkaazi_Nyali: Wadau, koili mbili zasoma zaidi ya megaohimu 20. Ya tatu sufuri, jana na leo. Waya wa 2.5 umetolewa, plastiki yake ilishakuwa kahawia karibu na swichi. Vanishi naweza kuipaka mlango kwa nje?

Seremala_Majengo: Kwa nje paka.