Msandali: je, unaweza kuuzwa nje kihalali?

Swali: Ndugu zangu, huku Samburu msandali hung'olewa na kuuzwa kwa magendo, ilhali faida kubwa huwaendea wanaokamua mafuta yake ya manukato ng'ambo. Je, mwanakijiji hana njia halali?

Jibu la kwanza: Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka.

Jibu la pili: Kuupanda nako si rahisi, kwa kuwa msandali hukua polepole na hunyonya sehemu ya chakula chake kwenye mizizi ya mimea jirani, tena mafuta yamo mizizini na katika kiini cha shina, hivyo mvunaji huung'oa mzima.

Jibu la tatu: Badala ya msandali, mimi ningeanza na gundi ya migunga, ambayo huchumwa bila kuua mti.