Mjadala: Vekta zifundishwe kwa zao la Clifford kabla ya x, y na z?

Mwalimu wa Hisabati:
Wakuu, nafundisha mwaka wa kwanza chuoni na jambo hili linaniuma. Mwanafunzi ukimchorea pembetatu, kabla hajaitazama keshaweka mihimili na kuanza kuandika namba. Pembetatu haina mihimili, tumeileta sisi.

Mwaka 1878 William Kingdon Clifford aliunganisha kazi za wanahisabati wenzake Grassmann na Hamilton, akafariki mwaka uliofuata, kijana wa miaka 33. Kwenye zao lake, yaani namna yake ya kuzidisha vekta (mishale yenye urefu na mwelekeo), vekta ikijizidisha yenyewe inatoa urefu wake kwa kipeo cha pili. Mbili zikikutana kwa pembe mraba, ukizibadilishia nafasi alama inageuka: ab = −ba. Basi upande wa tatu wa pembetatu ukiwa c = a − b, unapata c² = a² + b² − (ab + ba). Kwenye pembe mraba mabano yanakuwa sifuri, na Pythagoras huyo hapo. Kuakisi a kwenye kioo ambacho n, yenye urefu 1, imesimama wima juu yake, ni −nan tu. Vioo viwili mfululizo vinatoa mzunguko. Tuanzie hapa; zao la krosi, lile linalozidisha vekta mbili na kutoa ya tatu iliyo wima kwa zote mbili, lisubiri.

Mhandisi:
Mwalimu, kwa heshima, kwa Pythagoras umezunguka. Hizo kanuni mbili tayari zimembeba, wewe umemtoa mfukoni. Halafu mimi naandika programu za roboti. Kompyuta inataka namba, na aljebra yako inabeba namba 8 mahali ambapo vekta ina 3. Wahandisi tunasoma vekta za Gibbs na Heaviside, zenye hilo zao la krosi, kijana wako akija kazini ataelewana na nani?

Mwalimu wa Hisabati:
Kwa Pythagoras nakubali, ile si ithibati. Lakini kwaternioni (namba za Hamilton zenye sehemu nne) zinazozungusha mkono wa roboti ni namba 4 kati ya hizo 8, ndugu yangu. Na ukienda kwenye vipimo vinne vya Einstein (vitatu vya nafasi na kimoja cha wakati), zao la krosi halipo kabisa, na mzunguko hauna mhimili, una bapa (uso tambarare). Kwa nini tumfundishe mtoto kitu cha kuja kumvunjia baadaye?

Mwanafunzi:
Walimu wangu, shikamooni. Kanuni ya mkono wa kulia, inayoonyesha jibu la zao la krosi linaelekea upande gani, niliikariri tu, sijawahi kuambiwa kwa nini si wa kushoto. Hiyo −nan nimeijaribu sasa hivi kwenye karatasi: iliyosimama wima imegeuka, iliyolala juu ya kioo imebaki vilevile. Nimefurahi sana. Ila mtihani wetu unataka zao la krosi, na nikijibu kwa njia hii sijui kama msahihishaji atanipa alama.