Vigogo wa futiboli ya vyuo Marekani wakitaka kujitenga na kuunda supa ligi, kinachowazuia ni nini hasa?

Yadi_Hamsini

Wakuu, swali hili ni la wanaofuatilia futiboli ya vyuo (ile ya Kimarekani, si soka) kwa undani. Wazo la supa ligi linazikwa na kufufuka kila msimu: vyuo 24 au 32 vyenye pesa na mashabiki wengi (Ohio State, Alabama, Georgia, Texas, Michigan, Notre Dame na wenzao) vijitoe, viunde ligi moja, viuze matangazo kwa pamoja, wengine wabaki na yao. Ukihesabu konferensi mbili kubwa (makundi ya vyuo yanayocheza na kuuza matangazo pamoja), SEC ina timu 16 na Big Ten ina 18. Hizo tayari ni 34.

Nauliza hivi:

1. Ni mikataba gani inayowafunga, na inaisha lini?
2. Kisheria kuna kikwazo, au ni suala la kukubaliana tu?
3. Ligi ya vigogo watupu itachezwaje msimu mzima? Mechi ngapi, nani anashuka daraja?

Naomba majibu yenye tarehe na takwimu. Jibu la "wanaogopa mashabiki" tumeshalisikia, na yaliyowakuta wale wa supa ligi ya soka ya Ulaya Aprili 2021 tunayajua sote.

Mkataba_Mezani

Mkuu, anza na kalenda. Mengine yote yanaifuata.

Mkataba wa Notre Dame na NBC unafika 2029. Wa Big Ten na Fox, CBS na NBC, uliosainiwa 2022 kwa miaka saba na zaidi ya dola bilioni 7, unaisha baada ya msimu wa masomo wa 2029-30. Konferensi nyingine, Big 12, wanamaliza 2030-31. Mchujo wa kitaifa, CFP, uko ESPN hadi 2031-32 kwa dola bilioni 1.3 kwa mwaka. SEC na ESPN ni hadi 2033-34, na konferensi ya ACC na ESPN ni hadi 2036.

Kinachowabana si mkataba wa televisheni wenyewe, ni hati ya kukabidhi haki. Chuo kikishaisaini, haki ya kurusha mechi zake za nyumbani inakuwa mali ya konferensi hadi tarehe ya mwisho, hata kama chuo chenyewe kimehama. Yaani unahama na jezi, kamera zinabaki. Ndiyo maana USC na UCLA walitangaza kuhamia Big Ten tarehe 30 Juni 2022 lakini hawakugusa uwanja kama wanachama hadi 2024, haki za Pac-12, konferensi yao ya zamani, zilipokwisha muda. Texas na Oklahoma walitaka kuondoka Big 12 mwaka mmoja mapema tu, na huo mwaka mmoja uliwagharimu jumla ya dola milioni 100 kwa wote wawili.

Mlango uliofunguka kidogo ni wa ACC. Florida State na Clemson walikwenda mahakamani, wakamalizana na konferensi Machi 2025. Makubaliano yanasema ada ya kujitoa inaanzia dola milioni 165 na kupungua milioni 18 kila mwaka, hadi ifike milioni 75 mwaka wa 2030-31. Anayelipa anaondoka na haki zake mkononi. Piga hesabu uone ni mwaka gani bei inakuwa nzuri: mwaka uleule Big Ten wanapokuwa wametoka kwenye mkataba wao.

Kwa hiyo kabla ya 2030 hakuna kitu. Dirisha ni 2030 hadi 2034. Tatizo la dirisha hilo ni kwamba SEC, ambao bila wao supa ligi ni jina tupu, ndio wanaochelewa kutoka kuliko wote isipokuwa ACC, na wao wako kwa mrushaji mmoja, ESPN. Big Ten wako kwa wapinzani wake watatu. Kuwaunganisha maana yake ni kuzikalisha kampuni nne za televisheni meza moja, na angalau moja itoke hapo imepoteza.

Hesabu_za_Jumamosi

Nijibu la tatu, maana watu huchora ligi bila kuhesabu vipigo.

Chukua timu 32, kila moja mechi 12. Ni mechi 192, na kila mechi ina mshindi mmoja na aliyepigwa mmoja. Wastani wa ligi ni ushindi 6 na vipigo 6, upende usipende. Leo chuo kikubwa kina mechi tatu au nne nje ya konferensi, na angalau moja au mbili ni za kununua: chuo kidogo kinalipwa, mara nyingi zaidi ya dola milioni moja, kije kipigwe na kurudi nyumbani bila kudai mechi ya marudiano. Ushindi huo wa kununua ndio unaogeuza msimu wa 7-5 kuwa 9-3. Ukiuondoa, kila mwaka nusu ya vigogo watamaliza na rekodi ambayo leo inamfukuzisha kocha. Kocha wa Alabama aliyemaliza 6-6 atawaeleza nini wadhamini? Kwamba yuko katikati ya msimamo?

Pili, viwanja. Vigogo wengi hupanga mechi saba za nyumbani kwa mwaka, na nafasi ya kufanya hivyo inatokana na hizohizo mechi za kununua. Ligi iliyofungwa yenye mechi 12 inampa kila mtu 6. Uwanja wa Michigan unachukua watu 107,601. Jumamosi moja ikipotea hapo, tiketi, maegesho na vinywaji vyote vinapotea, na fedha za televisheni lazima zizibe pengo hilo kwanza ndipo faida ianze kuhesabiwa.

Muundo unaoshikika ni makundi manne ya timu nane. Mechi 7 ndani ya kundi, 5 nje yake, halafu mchujo wa timu 8 wenye raundi tatu. Bingwa anacheza 15. Si nyingi kuliko leo: Ohio State waliotwaa taji la msimu wa 2024 walicheza 16 na kumaliza 14-2. Tofauti ni uzito. Kati ya zile 16 zilikuwepo ambazo wachezaji wa kwanza walipumzishwa mapema. Hapa hakuna ya kumpumzisha mtu, na kikosi sasa kimewekewa kikomo cha watu 105.

Kushuka daraja sahau. Vyuo hivi vimejenga viwanja kwa hati fungani za miaka mingi zinazolipwa kwa mgawo wa televisheni. Hakuna mkopeshaji atakayefurahia mkopaji anayeweza kupoteza pato lake kwa mkwaju wa mwisho wa mwezi Novemba.

Kifungu_cha_61

La pili nalichukua mimi.

Mwaka 1961 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya matangazo ya michezo. Inaziruhusu ligi za kulipwa za futiboli, besiboli, kikapu na magongo ya barafu kuuza haki za timu zote kwa kifurushi kimoja bila kushitakiwa kwa ukiritimba. Vyuo havimo. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, walijaribu kufanya hivyohivyo bila kinga, wakidhibiti nani aonekane kwenye televisheni na mara ngapi, hadi kesi iliyofunguliwa na Oklahoma na Georgia ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 1984 majaji 7 dhidi ya 2 waliamua kuwa mpango ule unavunja sheria ya Sherman ya kupinga ukiritimba. Soko lote la leo, konferensi kuuza kila moja kivyake, lilizaliwa siku hiyo.

Kwa hiyo vyuo 32 kuuza pamoja si kosa moja kwa moja, kwa sababu konferensi za timu 16 na 18 zinauza pamoja kila siku. Ila kadiri kundi linavyobeba sehemu kubwa ya soko, ndivyo aliyeachwa nje anavyopata kesi nzuri. Na walioachwa hawakai kimya. Pac-12 ilipovunjika, Oregon State na Washington State walikwenda mahakamani kaunti ya Whitman na kushinda udhibiti wa bodi pamoja na mali iliyobaki.

Kumbukeni pia kwamba vingi ni vyuo vya umma, na mwenye mali ni jimbo. UCLA walipohamia Big Ten, bodi ya Chuo Kikuu cha California iliwaamuru wawalipe ndugu zao wa Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka. Jimbo lenye chuo kimoja ndani ya supa ligi na kingine nje litataka mgawo wa namna hiyo.

Halafu mishahara. Tangu makubaliano ya kesi ya House (wanamichezo dhidi ya NCAA) yaidhinishwe Juni 2025, chuo kinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, kikomo kikiwa dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote. NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, wana kikomo cha mishahara kinachosimama mahakamani kwa sababu kimekubaliwa na chama cha wachezaji. Vyuo havina chama cha kukubaliana nacho. Na chama hakiundwi kirahisi: bodi ya taifa ya mahusiano kazini inashughulikia waajiri binafsi tu, kwa hiyo USC na Notre Dame wanaweza kuangukia kwake, Ohio State hapana. Majimbo kama North Carolina yanakataza kabisa mikataba ya pamoja na watumishi wa umma. Ligi moja, sheria za kazi kumi na kitu. Hapo ndipo wanasheria huanza kutabasamu.

Kona_ya_Kusini

Nawapinga wote kidogo. Mnazungumzia supa ligi kama kitu kitakachokuja. Imeshaingia, kwa mlango wa nyuma.

Tazameni mgawo mpya wa CFP kuanzia 2026. SEC karibu asilimia 29, Big Ten karibu asilimia 29, ACC karibu 17, Big 12 karibu 15. Asilimia 58 ya dola bilioni 1.3 ni kama milioni 754 kwa vyuo 34, yaani milioni 22 hivi kwa kila kimoja, kabla hujahesabu televisheni ya konferensi yenyewe. Na hao wawili ndio wenye sauti kubwa kuamua muundo wa mchujo. Mtu mwenye hayo anajitenga aende wapi?

Kinachozuia ligi ya vigogo watupu hakiko nje, kiko ndani. Vanderbilt na Mississippi State wanapata mgawo sawa na Georgia. Purdue na Northwestern wanapata sawa na Ohio State. Kura zao pia ni sawa. Ili ubaki na vigogo 24, itabidi hawa wapige kura ya kujifukuza. Hawatapiga, kwa hiyo wakubwa ndio watalazimika kutoka kwenye konferensi zao wenyewe na kulipia.

Kinachofanyika badala yake ni kuvunja usawa polepole. Oregon na Washington waliingia Big Ten kwa karibu nusu ya mgawo. Stanford na California waliingia ACC kwa asilimia 30. SMU walikubali miaka tisa bila fedha za televisheni za ACC. Na ACC sasa inagawa asilimia 60 ya fedha za televisheni kwa kuangalia nani anatazamwa zaidi. Mfumo huo ukihamia SEC na Big Ten, vigogo watakuwa na hela ya supa ligi bila kumfukuza mtu.

Yadi_Hamsini

Asanteni. Mmoja anifafanulie: yale mapendekezo mawili ya 2024, la College Sports Tomorrow na lile la Project Rudy, yanaingia wapi hapa? Na michezo mingine inakuwaje?

Mkataba_Mezani

Yote mawili yanaitwa supa ligi magazetini lakini si ya vigogo. Project Rudy, la kampuni ya Smash Capital, lilitaka kuunganisha vyuo kama 70 vya konferensi kubwa na kumwaga hadi dola bilioni 9 za wawekezaji. Lile la College Sports Tomorrow, lililotolewa Oktoba 2024, lina timu 136 za daraja la juu katika makundi mawili, 72 na 64. Swali ni kwa nini waliotaka ligi ya wakubwa wakaishia kumwalika kila mtu.

Michezo mingine ndiyo sehemu rahisi. Futiboli inaweza kukaa peke yake: Notre Dame wanacheza futiboli bila konferensi huku michezo yao mingine mingi ikiwa ACC na magongo ya barafu ya wanaume yakiwa Big Ten. Kutenganisha futiboli kungewaondolea mabinti wa softiboli wa UCLA safari za hadi New Jersey kwa Rutgers. Ila futiboli ndiyo inayowalisha hao mabinti, na mwekezaji anayedai faida yake atataka kujua kwa nini.

Kifungu_cha_61

Wamemwalika kila mtu kwa sababu ya Seneti. Ligi ikitaka kuuza kifurushi kimoja na kuwa na kikomo cha mishahara bila kesi, inahitaji Bunge livipe vyuo kinga. Seneti kwa kawaida ni kura 60 ili muswada usizuiwe, na kila jimbo lina maseneta wawili bila kujali kama lina timu kubwa. Ligi ya vyuo 32 inaacha majimbo mengi bila hata timu moja. Seneta wa jimbo hilo aipigie kura kwa sababu gani? Kwa hiyo ligi nyembamba inahitaji sheria ambayo ni ligi pana tu inayoweza kuipata.

Na kuna hatari nyingine. Sheria hiyohiyo ya 1961 ndiyo inayoiweka NFL mbali na Ijumaa jioni na Jumamosi, kuanzia Septemba hadi wiki ya pili ya Desemba, kwa kuinyima kinga ikirusha mechi karibu na mahali vyuo vinapocheza. Ukiifungua Bungeni ili vyuo viingie, umeifungua kwa kila mwenye hoja, na NFL hawakosi mawakili.

Mkataba_Mezani

Yadi, ukitaka kujua wanapoelekea, subiri Big Ten wasaini mkataba wao ujao, halafu soma tarehe ya mwisho kabla hujasoma kiasi. Ukiwa wa miaka saba au kumi, hakuna ligi ya pamoja kabla ya 2037. Ukiwa wa miaka minne, utaishia 2034 sambamba na SEC.