Nairobi hadi New York ni masaa 7 au 15? Naomba msaada

mtoto_wa_likoni
Salaam jamani. Mamangu anakuja huku New Jersey, jirani na New York, Januari inshallah, ndio mara yake ya kwanza kupanda ndege kubwa, nimemkatia ile ya moja kwa moja toka JKIA, uwanja wa Nairobi, mpaka JFK, uwanja wa New York. Sasa tiketi yaonyesha atoka saa sita usiku afika saa moja asubuhi, yani masaa 7, ila ya kurudi aondoka saa sita na nusu mchana afika kesho yake saa nne na nusu asubuhi, hayo ni masaa 22! Vipi tena na njia ni ileile? Nauliza kwa sababu mama ana presha, dawa anameza kila masaa 12, nataka nijue atakaa hewani muda gani hasa.

fundi_wa_mabawa
Tiketi huandika saa za pale ndege inapotoka na za pale inapotua. Januari New York iko nyuma ya Nairobi masaa 8, kwa hivyo kuja ni 7 ongeza 8, masaa 15, na kurudi ni 22 toa 8, masaa 14. Kiangazi chao tofauti inakuwa 7 maana wao husogeza saa zao, sisi hatugusi.

Msafiri254
Na hiyo saa moja inayozidi wakati wa kuja ni upepo. Umbali ni kama kilomita 11,800, ndege yenyewe, Dreamliner, yakimbia karibu kilomita 900 kwa saa, lakini huko juu kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki na Januari ndio unashika kabisa, kwa hivyo akija unampinga, akirudi unamsukuma. Kabla ya Oktoba 2018 hii ya moja kwa moja haikuwepo, tulikuwa twaunganisha Ulaya ama Doha, siku nzima inaishia njiani, mzee anafika miguu imevimba.

Dada Zuu
Mimi mama yangu pia ana presha na amekuja hivyohivyo. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiende na sanduku kabisa. Ndege ikitua simu itajibadilisha saa yenyewe imchanganye, mvalishe saa ya mkono ibaki ya Nairobi. Kwani yeye anameza saa ngapi?

mtoto_wa_likoni
Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku.

Dada Zuu
Basi ya usiku ameze kabla hajatoka kwenda eapoti, ya asubuhi itamkuta hewani, ameshakaa masaa 8. Inayofuata saa yake ikisema mbili usiku hapo kwako ni saa sita mchana, ashapumzika. Kuzihamisha dawa zifuate saa za huko baada ya hapo, muulize daktari wake kabla hajasafiri. Na umuombee kiti cha kando ya njia, awe anainuka kunyoosha miguu bila kusumbua mtu.

mtoto_wa_likoni
Allah awalipe. Nampigia sa hivi, saa yake asiiguse mpaka anione mimi.