Mama anameza diklofenaki, je saratani itakuwa sugu kwa dawa?

Mpemba_wa_Wete
Asalaam alaykum. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Wiki ijayo tunavuka kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kaandikiwa mionzi na sisplatini, dawa ya saratani ya dripu. Kiuno kinamuuma, usingizi hapati, basi anameza diklofenaki za duka la dawa. Mpwa wangu kasoma kuwa dawa za maumivu zinaifanya saratani iwe sugu. Ami anasema kinyume chake, eti zinasaidia tiba. Nimsikilize nani?

Bi_Mkoani
Waalaykum salaam, mpe pole mama. Ami hakubahatisha. Baadhi ya seli za saratani zina pampu zinazotoa dawa nje, kama mabaharia wanaokumba maji ya dau. Maabara imeonekana indomethasini, ya kundi moja na diklofenaki, ikiizuia pampu mojawapo, MRP1, na dawa ikabaki ndani. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi wakaonyesha kwa panya kuwa sisplatini huchochea seli fulani za mwili kutoa asidi za mafuta zinazoleta usugu, na indomethasini ikazizuia. Lakini hao ni panya. Huwezi kumtibu mama kwa hayo.

Kibua_Mkavu
Asidi hizo si ndizo walizozikuta kwenye mafuta ya samaki? Sisi huku tutakula nini!

Bi_Mkoani
Mojawapo ndiyo. Vidonge vya mafuta ya samaki aviache mpaka aongee na daktari. Vibua navyo aulize, wengine wanamwambia mgonjwa avipumzishe siku za dripu.

Nesi_mstaafu
Yakhe, mnajadili pampu na figo mmezisahau! Sisplatini inaumiza figo, diklofenaki inapunguza damu inayofika huko, na saratani ya shingo ya kizazi yenyewe inaweza kubana mirija ya mkojo. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ikipanda, sisplatini inaweza kusitishwa. Hilo linanitisha kuliko usugu. Tena chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikishuka, diklofenaki inaongeza hatari ya kutoka damu.

Mpemba_wa_Wete
Sasa usiku nimpe nini? Analia.

Nesi_mstaafu
Msingoje wiki ijayo, mpelekeni hospitali kesho. Parasetamoli kwa kipimo chake, ila akishaanza dripu mpime joto kwanza maana inaficha homa. Ikifika 38 ni hospitali hapo hapo, hata usiku wa manane. Parasetamoli isipotosha, waulizeni morfini ya maji, dawa kali ya maumivu. Watu wanaiogopa bure, daktari ndiye anayeipima, na mwombe na dawa ya kulainisha choo. Kasha la diklofenaki msilitupe, mwonesheni daktari na mseme anameza ngapi kwa siku na tangu lini.