Mjadala: Je, Uingereza ilikosea kujenga manowari za ndege bila manati?

Baharia_Tanga (mleta mada)

Wakuu, naleta hoja. HMS Queen Elizabeth iliingia kazini Desemba 2017, na pacha wake HMS Prince of Wales Desemba 2019. Kila moja ina urefu wa mita 280 na uzito wa tani 65,000 hivi, na zote mbili zimekula zaidi ya pauni bilioni 6. Pamoja na ukubwa wote huo, hazina manati ya kurushia ndege (mtambo unaoisukuma ndege mpaka ipate kasi ya kuruka) wala nyaya za kunasia ndege inapotua. Zina mwinuko tu kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, wa nyuzi 12.5, na ndege pekee ya kivita waliyo nayo Waingereza inayoweza kuruka hapo ni F-35B. Charles de Gaulle ya Ufaransa ni tani 42,000 tu, lakini ina manati mbili za mvuke, inarusha ndege za kivita za Rafale, na inabeba Hawkeye, ndege yenye sinia kubwa la rada mgongoni.

F-35B hulipia uwezo wake wa kutua wima. Nyuma ya rubani kuna feni kubwa ya kuinua, na nafasi hiyo ndiyo ambayo kwa ndugu zake ni tangi la mafuta. F-35B hubeba kilo 6,000 hivi za mafuta, F-35C ya manati hubeba karibu 9,000. Hivyo F-35B hupigana hadi maili 450 za baharini kutoka kwenye meli, na F-35C hadi 600. Maili 150 hizo ndizo meli inalazimika kusogea karibu na makombora ya adui. Nasema walikosea.

FundiSitaha

Mkuu Baharia, tatizo halikuwa ukubwa wa meli. Manati ya mvuke inataka mvuke, na Queen Elizabeth haina boila hata moja. Ina mitambo miwili ya gesi ya MT30, megawati 36 kila mmoja, na dizeli nne. Jumla ni kama megawati 110, zote za kufua umeme unaozungusha mapangaboi na kuendesha meli nzima. Charles de Gaulle ina vinu viwili vya nyuklia, mvuke anao tayari.

Kwa hiyo Waingereza walibakiwa na manati ya sumaku-umeme. Mwaka 2010 serikali ya David Cameron iliamua hivyo hasa: F-35C na manati. Tarehe 10 Mei 2012 Waziri wa Ulinzi Philip Hammond akaurudisha uamuzi nyuma, kwa sababu gharama ya kugeuza meli moja ilikuwa imepanda kutoka karibu pauni bilioni 1 hadi 2, na kazi ingesogea hadi 2023.

Tena wakati ule manati hiyo haikuwa imefanya kazi kwenye meli yoyote. Ilipofungwa kwenye manowari ya ndege ya Marekani, USS Gerald R. Ford, lengo lilikuwa kurusha mara 4,166 kabla ya hitilafu moja. Hesabu iliyotolewa 2020 ilikuwa mara 181. Fikiria Uingereza ingekuwa na manati ya namna hiyo kwenye meli isiyo na njia nyingine ya kurusha ndege.

Mwana_Anga

Naongezea hapo kwenye umeme, maana watu wengi husema meli isingeweza kuimudu manati. Tufanye hesabu. Mrusho mkubwa kabisa unakula megajuli 122 ndani ya sekunde 3 hivi. Ukigawa, ni megawati 40, zaidi ya MT30 moja nzima. Ukiishia hapo utasema haiwezekani. Lakini nguvu hiyo haitoki moja kwa moja kwenye jenereta. Inahifadhiwa kwanza kwenye rota nzito zinazozunguka kwa kasi, kisha inaachiwa kwa mpigo. Rota zikipewa sekunde 45 za kujaza tena, meli inatoa chini ya megawati 3, ukiacha kinachopotea njiani. Umeme ulikuwepo.

Kilichokosekana ni nafasi. Rota, vigeuza-umeme, nyaya nene kama mkono, mashine za kunasia chini ya sitaha: vyote vinataka vyumba, na vyumba vilikuwa vimeshapangiwa mambo mengine. Meli iliuzwa kwa maneno kwamba inaweza kubadilishwa baadaye, lakini kwenye michoro nafasi hiyo haikulindwa. Hapo ndipo kosa lilipo, na lilifanyika miaka mingi kabla ya Hammond.

Chuma_cha_Pwani

Naomba kueleweshwa. F-35B ikirudi na mabomu yake yote, inatua wima nayo? Au inayatupa baharini?

Mwana_Anga

Swali zuri, mkuu. Ndege tupu ina kilo 14,600 na ushee. Ikiwa inaning'inia angani, injini, feni na vitoa-hewa vya mabawani kwa pamoja vinashikilia kama kilo 18,000. Inabaki chini ya tani tatu na nusu. Humo umtoe rubani, mafuta ya akiba ya kujaribu kutua tena, vishikilia-silaha, na ziada ya usalama. Kinachobaki ndicho silaha. Siku ya joto kali hewa inakuwa nyepesi, injini inapungukiwa nguvu, na kiasi hicho kinashuka zaidi. Ghuba ya Uajemi mwezi wa saba ndipo hesabu inapobana.

Dawa yao ni kutua kwa kutambaa: ndege inakuja ikisonga mbele polepole ili mabawa nayo yabebe sehemu ya uzito, inagusa sitaha, kisha inasimama kwa breki za magurudumu peke yake. Rubani wa majaribio Peter Wilson aliifanya kwa mara ya kwanza kwenye Queen Elizabeth Oktoba 2018, akasimama ndani ya mita 50 na kidogo. Ubaya wake ni sitaha yenye maji na meli inayoyumba. Hakuna waya wa kukudaka.

FundiSitaha

Na waya nao si kinga ya kila kitu. Machi 18, 2016, kwenye manowari ya Marekani USS Eisenhower, waya ulikatika Hawkeye ikiwa imeshanasa. Ndege ilipita ukingo wa sitaha, ikashuka isionekane tena kutoka sitahani, kisha ikaibuka ikiruka karibu kabisa na maji. Waya uliorudi kama mjeledi uliwajeruhi mabaharia 8. Tarehe 6 Mei 2025, kwenye USS Harry S. Truman, kunasa kulishindikana, ndege ya kivita F/A-18 ikatumbukia Bahari ya Shamu, watu wawili waliokuwa ndani wakajirusha.

Pia rubani wa ndege ya kulabu, yaani ile inayonasa waya kwa ndoano ya mkiani, anagusa sitaha na kusukuma injini hadi mwisho, kwa sababu kulabu ikiruka waya anatakiwa aondoke tena. Usiku wa giza lazima kuwe na ndege ya kujaza mafuta angani ikimngoja. Yote hayo ni mazoezi ya mwaka mzima, miaka yote. F-35B kompyuta yake inashika kazi kubwa ya kutulia angani, na ndiyo maana marubani wa jeshi la anga na wa jeshi la maji wanaweza kuchangia kikosi kimoja.

Baharia_Tanga

Nimekuelewa kuhusu mafunzo. Ila mnajibu kuhusu ndege ya kivita, na hamjagusa jicho, yaani rada ya angani. Tuzungumzie jicho.

Rada iliyo juu ya mlingoti, mita 40 kutoka majini, haioni kombora linalopaa mita 5 juu ya mawimbi mpaka lifike kilomita 35 hivi. Dunia ni mviringo, rada haipindi. Kombora la kasi ya mita 300 kwa sekunde linakuachia chini ya dakika mbili. Ipandishe rada mita 3,000 kwa helikopta, upeo unakuwa kilomita 225. Ipandishe mita 7,600 kwa Hawkeye, unakuwa 360, na Hawkeye inakwenda kusimama mbali mbele ya msafara.

Uingereza iliwahi kulipia somo hili. Mwaka 1982 ilikwenda kupigana na Argentina visiwani Falklands bila jicho lolote la angani. Mei 4 ndege za kivita za Argentina, Super Étendard, zilikuja chini chini, na kombora moja la Exocet likaipiga manowari HMS Sheffield. Mei 25 ikafuata meli ya mizigo Atlantic Conveyor, ikaungua na helikopta zilizokuwa ndani. Leo wana helikopta ya Merlin yenye rada ya Crowsnest, ambayo imepangwa kustaafu 2029. Hawkeye hawawezi kuipata kwa sababu bila manati hairuki. Hili ndilo linaloniuma kuliko zile maili 150.

FundiSitaha

Hapo sina ubishi, mkuu. Ila vita hiyo hiyo ina upande wa pili. Mei 2, 1982, manowari ya ndege ya Argentina, Veinticinco de Mayo, ilitaka kurusha ndege za A-4 zenye mabomu kwa manati yake. Upepo ulikuwa umelala, meli ni kongwe na haina mbio za kutosha, ndege hazikuruka. Harrier, ndege za kivita za Waingereza, zilikuwa zikitumia mwinuko na kuruka.

Chuma_cha_Pwani

China imeingiza manowari yake ya ndege, Fujian, kazini Novemba 2025: manati tatu za sumaku-umeme, hakuna nyuklia. Na imeshaonyesha ndege yake ya rada ikirushwa kutoka hapo.

Mwana_Anga

Ndiyo, na hilo linamaliza hoja kwamba bila nyuklia haiwezekani. Lakini Fujian ilipangiwa manati tangu michoro, haikupachikwa baadaye.

Kwa Waingereza njia iliyobaki ni ndege zisizo na rubani. Mwaka 2021 waliwauliza watengenezaji kuhusu manati ya kurusha hadi tani 25 na mashine ya kunasa hadi tani 21. Novemba 2023 droni ya Mojave iliruka na kutua kwenye Prince of Wales bila manati wala waya, ila hiyo ni nyepesi. Droni ya kubeba rada ya maana inahitaji umeme mwingi, mafuta ya saa nyingi na antena pana, na uzito unaongezeka haraka.

Baharia_Tanga

Basi narekebisha hoja yangu. F-35B waendelee nayo. Manati moja fupi, kwa droni za rada tu, wafunge kwenye Prince of Wales kwanza, wakati wa matengenezo makubwa, kabla Crowsnest haijaondoka. Mwenye hesabu ya vyumba gani vya chini ya sitaha vihamishwe, aiweke hapa tuipime.